Chupa ya Pili



Leo nina neno kuhusu mtoto mwenye kisukari, na hasa kuhusu chupa. Sizungumzii chupa anayoitumia sasa hivi. Hiyo kila mzazi anaijua, anajua ilipo na imebaki kiasi gani. Nazungumzia ile ya pili, ambayo haijafunguliwa, iliyowekwa mahali penye ubaridi ikisubiri zamu yake. Ukiulizwa ghafla usiku huu, wewe mzazi mwenye mtoto anayechomwa insulini, utaweza kuitoa na kuionyesha?

Tuanze na ramani, maana ramani ya wilaya yetu ndiyo inayofanya swali hilo liwe zito. Mikumi iko ndani ya Wilaya ya Kilosa, lakini kutoka Mikumi mpaka Kilosa mjini, kwenye hospitali ya wilaya, ni zaidi ya kilomita 70, kwa njia inayopitia Ulaya. (Nasema Ulaya yetu sisi, si ile ya mpira wa Jumatano usiku.) Ukiamua kwenda Morogoro mjini badala yake, lami ipo, ni kweli, lakini lami hiyo inakatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Mchana abiria wanachungulia dirishani kuangalia twiga. Sasa hebu mwamshe kijana wa bodaboda saa nane za usiku, mwambie akuvushe hifadhini wewe na mtoto anayetapika, usikie atakavyokujibu. Mikumi penyewe ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito, na tunashukuru ipo. Lakini wilaya hii ni pana, na wengi wetu hatukai mlangoni kwa hospitali.

Kwa nini nasema saa nane za usiku? Kwa sababu ugonjwa huu hausubiri asubuhi kwa adabu. Kisukari kinachowapata watoto wengi ni kile kinachoitwa aina ya kwanza. Kinga ya mwili wa mtoto imezishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, zimekufa, na hazirudi. Hakikusababishwa na pipi wala sukari ya kwenye uji, na mama asikubali kubebeshwa lawama hiyo na mawifi. Babu mwenye kisukari aina ya pili akikosa vidonge vyake wiki nzima anajidhuru, lakini mara nyingi utamkuta bado yuko barazani. Mtoto hana wiki. Pasipo insulini, sukari inajaa kwenye damu na mwili hauwezi kuitumia. Unageukia mafuta, mafuta yanatoa ketoni, ketoni zikizidi damu inakuwa na asidi. Kwa mtoto, siku moja bila insulini inaweza kutosha kumfikisha hapo.

Na akifika hapo anaonekanaje? Anatapika. Tumbo linamuuma. Analegea, anapumua kwa kina na kwa haraka kama aliyetoka kukimbia, ilhali amelala. Pumzi yake inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Sasa, msikilizaji, kwetu hapa mtoto akitapika na kulegea tunasema nini? Malaria. Tunampeleka kupima malaria, na kama tuna bahati mbaya kipimo kinasoma malaria kweli, maana mtu anaweza kuwa na yote mawili, na insulini inasahauliwa. Kwa hiyo mtoto ambaye hajawahi kugunduliwa, akiwa na kiu isiyoisha, anakojoa mara kwa mara mpaka kitandani, na anakonda huku anakula, pimeni na sukari. Ni tone moja la damu.

Kuna jambo lingine linalofanya chupa ya pili iwe lazima kwetu kuliko kwa watu wa nchi nyingine, nalo ni uchache wa watoto wenyewe. Profesa Andrew Swai, Profesa Donald McLarty na wenzao wa Muhimbili waliwafuatilia wagonjwa wapya wa umri mdogo jijini Dar es Salaam kwa miaka 10, kuanzia 1982 hadi 1991. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1993: kama mgonjwa mpya mmoja na nusu kwa kila watu laki moja wa umri huo kwa mwaka. Finland, nchi inayoongoza duniani kwa ugonjwa huu kwa watoto, hesabu yao ni zaidi ya 50. Sehemu ya tofauti hiyo ni asili ya watu. Sehemu nyingine, madaktari wengi wanaamini, ni watoto wetu waliozikwa kabla hawajapimwa.

Uchache huo una matokeo yake dukani. Mwenye famasi anaweka rafuni kinachotoka. Dawa ya malaria inatoka kila siku, dawa ya presha inatoka, lakini insulini ya watoto ina mteja mmoja katika kata nzima, pengine haina hata huyo, na inahitaji friji ambalo TANESCO wakikata umeme linakuwa kabati. Usimlaumu. Lakini ujue kwamba chupa ikikudondoka na kupasuka Jumamosi jioni huko kijijini, usitegemee kuikuta nyingine kwenye duka la dawa muhimu la njia panda. Mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam mtu anaweza kuamka asubuhi akazungukia famasi tatu. Kwetu, akiba ya mtoto ni ile iliyo ndani ya nyumba.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu mtu atanijibu: hiyo chupa ya pili nitaitoa wapi?

Tangu mwaka 2009 kuna mpango unaoitwa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa na kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuingizwa. Mpango huo unafanya kazi na Wizara ya Afya na chama cha kisukari cha hapa nchini, TDA, na watoto walioandikishwa wanapata insulini, mabomba ya sindano na vifaa vya kupimia bila kulipa. Hili ni jambo kubwa, tuliseme bila kubana midomo. Kabla yake familia iliuza mbuzi, ikauza kuku, mwisho ikauza godoro. Kama mtoto wako ana kisukari na hajaandikishwa popote, kabla hujaniuliza habari za akiba, nenda hospitali ya wilaya ukaulize kliniki ya watoto wenye kisukari iliyo karibu ni ipi.

Lakini desturi ya kliniki nyingi ni kumpa mzazi dawa inayomfikisha tarehe ya kurudi, basi. Leo ni tarehe 5, unarudi tarehe 5 ya mwezi ujao, chupa inakutosha mpaka siku hiyo. Ukiwauliza, wana sababu, na sababu zao si za kijinga. Wanasema mzazi akipewa nyingi harudi, na asiporudi hakuna anayempima mtoto, hakuna anayeangalia kama dozi bado inamfaa maana mtoto anakua, hakuna anayekagua sehemu anazochomwa kama zimefanya uvimbe. Wanasema pia chupa zimehesabiwa, zinakuja kwa idadi ya watoto walioandikishwa, na akipewa huyu mbili, mwenzake atakosa.

Nazikubali sababu zote, na bado nasema desturi hiyo ni ya hatari. Inamfunga mtoto kwa uzi mwembamba wa tarehe. Inadhani kwamba siku ya tarehe 5 mvua haitanyesha, mama hatakuwa amejifungua, nauli haitakuwa imepanda, msiba hautakuwa umeingia nyumbani, na gari la dawa litakuwa limefika. Kwenye wilaya ya tambarare yenye lami kila upande ungeweza kudhani hivyo. Hapa kwetu, hapana.

Na hesabu yenyewe haiwi kama wanavyoiogopa. Hebu msikilize mama mmoja wa kufikirika akiwa dirishani.

“Habari za kazi, sista.”

“Salama, mama. Mtoto hajambo?”

“Hajambo, tunamshukuru Mungu. Sista, nina ombi. Mwezi huu naomba chupa mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba.”

“Mama, hizi ni za watoto wote. Nikikupa wewe mbili kila mwezi, wenzako nitawaambia nini?”

“Siyo kila mwezi, sista. Mara hii moja tu. Mwezi ujao nakuja kuchukua moja kama kawaida. Hiyo mpya naiweka, ile niliyoiweka naifungua. Na mwezi unaofuata vivyo hivyo.”

Umemsikia? Chupa ya akiba haiongezi matumizi ya mwezi hata tone. Inaongezwa mara moja, siku ya kwanza, kisha inazunguka. Kwa kliniki yenye watoto 10, ni chupa 10 za mara moja kwa kila aina ya insulini, na watoto wote 10 wanaingia masika wakiwa na mwezi mzima mkononi. Mzazi bado anarudi kila mwezi, mtoto bado anapimwa. Sioni kliniki inapoteza nini, ila kazi ya kuagiza mara moja zaidi kidogo kutoka Bohari ya Dawa au kwa wenye mpango.

Nimesema inazunguka, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii inaoza. Insulini ina tarehe ya kuisha nguvu, imeandikwa kwenye boksi na kwenye chupa yenyewe. Ukiificha chini kabisa ya kabati kama pete ya bibi, siku utakayoihitaji utakuta imekwisha muda wake mwaka jana. Mpya inaingia nyuma, ya zamani inatoka mbele, kila mwezi bila kuruka.

Kuna kosa jingine, nalo ni la hesabu. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1000, kwa maana kila mililita ina yuniti 100. Mtoto wa kilo 25 anaweza kuwa anatumia, tuseme, yuniti 20 kwa siku. Kwa hesabu ya ubaoni chupa hiyo ingemaliza siku 50, na kama anachanganya aina mbili, ile ya maji maangavu na ile ya ukungu, kila moja itadumu zaidi ya hapo. Lakini chupa ikishatobolewa na sindano ya kwanza, watengenezaji wanataka itumike wiki 4, nyingine wiki 6, kisha itupwe. Kwa hiyo mtoto mdogo anafika mwisho wa mwezi chupa ikiwa na nusu au zaidi, na mzazi aliyezoea kutotupa kitu anaiweka pembeni, anasema hii ndiyo akiba yangu. Mama, baba, hayo ni mabaki. Nguvu yake imeanza kushuka na hujui imeshuka kiasi gani. Ikitokea usiku hakuna nyingine kabisa, hiyo dhaifu ni bora kuliko kukaa bure, itumie huku safari ya hospitali imeshaanza. Lakini usiihesabu. Andika kwa kalamu siku uliyoifungua, pale pale kwenye lebo, ili usibishane na kumbukumbu yako.

Na ukihama kutoka chupa iliyochoka kwenda mpya, mpime mtoto mara nyingi zaidi siku mbili tatu za mwanzo. Dozi ile ile kutoka chupa yenye nguvu zake kamili inaweza kumshusha sukari. Mtoto anayetetemeka, anayetoka jasho na kuongea ovyo mpe soda yenye sukari au glukosi mara moja, halafu chakula.

Sasa swali ambalo najua limekuwa kooni kwako tangu nilipoanza: friji sina. Wengi husimama hapo. Wanaambiwa insulini hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, wanaangalia nyumba yao yenye bati juu na umeme wa sola wa taa mbili, wanasema akiba ni ya wenye nacho.

Kuna habari kutoka kwa jirani. Kaskazini mashariki mwa Kenya, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, pale Dadaab, Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na wagonjwa wa kisukari wasio na friji, tena kwenye joto ambalo la kwetu ni utani. Walipima joto la ndani ya makazi yao: lilikuwa likipanda mchana na kushuka usiku, kati ya nyuzi 25 na 37. Kisha, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, waliiweka insulini maabara kwenye joto la kupanda na kushuka namna hiyo hiyo kwa wiki 4, wakaipima. Nguvu yake haikupungua hata kuzidi asilimia 1. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Miaka miwili baadaye watafiti wa mtandao wa Cochrane walipitia ushahidi uliokuwepo kuhusu insulini ya kawaida ambayo chupa yake haijafunguliwa: kwenye nyuzi 25 inaweza kukaa miezi 6, kwenye nyuzi 37 miezi 2, bila kupoteza nguvu kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa.

Fikiria maana yake kwetu. Chupa ya akiba inayozungushwa kila mwezi inakaa mwezi mmoja bila kufunguliwa. Mwezi mmoja! Hata isiyo na friji, ikiwekwa kivulini kwa akili, inaingia ndani ya muda huo. Friji lipo, vizuri, lakini kukosa friji si sababu tena ya mtoto kukosa akiba.

Kuwekwa kwa akili ni vipi? Mtungi, jamani. Chombo kile kile kilichowapoza maji bibi zetu kabla ya friji. Chukua mtungi mkubwa na mwingine mdogo, uingize mdogo ndani ya mkubwa, pengo lililobaki lijaze mchanga, mchanga ulowe maji asubuhi na jioni. Insulini iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri au kikopo chenye kifuniko, isiguse maji, iwe ndani ya mtungi mdogo, juu weka kitambaa kibichi. Weka mahali penye kivuli na upepo unaopita. Maji yakikauka kwenye udongo yanaondoka na joto. Niseme ukweli wote, mtungi unafanya kazi nzuri zaidi hewa ikiwa kavu. Mtungi wa Kilosa katikati ya masika haupozi kama wa Dodoma mwezi wa Septemba. Lakini masika nako joto limepungua, kwa hiyo hatudaiani sana.

Mahali pa kukwepa ni juu ya kenchi karibu na bati, kwenye dirisha linalopigwa na jua la jioni, jikoni karibu na mafiga, na ndani ya gari lililofungwa vioo. Pikipiki pia: chupa isisafirishwe kwenye boksi la chuma nyuma ya kiti saa saba mchana. Ivikwe kitambaa kibichi, ikae ndani ya mkoba.

Na wale mnaohifadhi kwa jirani mwenye duka, kwenye friji la soda, nina neno kali kidogo na ninyi. Joto linaharibu insulini polepole, barafu inaiharibu mara moja. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri. Friji la duka limewekwa kwa nguvu ili soda iwe baridi ya kuumiza meno, na pembeni au juu kabisa lina sehemu inayotengeneza barafu. Mwambie mwenye duka, kwa heshima na kwa msisitizo, chupa ikae katikati au kwenye mlango, ndani ya kikopo, mbali na barafu, na watoto wake wasiifanye kitu cha kuchezea. Ukienda kuichukua, iangalie. Ya maji maangavu ibaki maangavu kama maji ya mvua. Ile ya ukungu, ukiiviringisha taratibu kati ya viganja, iwe kama maziwa yaliyolingana. Ukiona punje, mabonge, au utando mweupe umegandia kioo, usiichome.

Kuhusu mahali pa kuiweka, Kilosa tuna somo letu la peke yetu. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, mto Mkondoa ulivunja kingo zake ukaingia mjini. Maelfu ya watu walitoka na nguo walizovaa, wakalala mahemani. Reli ya Kati ilichukuliwa na maji kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Mtu aliyekimbia maji gizani hakurudi ndani kutafuta mtungi. Mkondoa haujastaafu kazi hiyo. Kila mwaka wa mvua kubwa tunakumbushana. Leo treni ya SGR inapita Kilosa na kituo tunacho, safari ya Morogoro imekuwa fupi kuliko zamani, lakini kutoka kijijini kwako mpaka kituoni bado kuna kijito kinachojaa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na unaweza kuukataa: kama unaishi bondeni, chupa ya pili isilale nyumba moja na ya kwanza. Iweke kwa shangazi anayekaa mlimani, au kwa mwalimu wa mtoto kama shule iko juu na mwalimu mkuu ni mtu wa kuaminika. Iende pamoja na mabomba ya sindano machache yaliyo kwenye vifungashio, maana chupa bila bomba haina kazi, na mabomba hayo yawe ya yuniti 100, yanayolingana na chupa. Kuna mabomba ya yuniti 40 bado yanazunguka duniani. Ukiyachanganya, dozi inakwenda kombo vibaya sana. Weka na karatasi yenye jina la mtoto, dozi yake ya asubuhi na jioni, na namba ya simu ya kliniki. Siku ya siku anayemchoma anaweza asiwe wewe.

Hapa niweke kisa kifupi cha mbali. Mwanamke mmoja, Eva Saxl, alikimbia Czechoslovakia yeye na mumewe Victor enzi za Vita Kuu ya Pili, wakafika Shanghai. Huko ndiko alikougua kisukari. Wajapani walipoushika mji wote mwishoni mwa 1941, maduka ya dawa yalifungwa. Victor alikuwa mtu wa viwanda vya nguo, hakuwa daktari, lakini kwa msaada wa kitabu cha tiba na maabara ya kuazima walitengeneza insulini kutoka kwenye kongosho za nyati wa maji, Eva akajichoma mwenyewe wa kwanza kuijaribu. Aliishi, na wenzake wenye kisukari mjini humo walipata pia. Alifariki mwaka 2002. Naisimulia kwa sababu moja: watu hawa walikuwa na maabara na elimu ya kuisoma kemia, na bado ilikuwa bahati nasibu na uhai. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kuna majani yanayofanya kazi ya insulini kwa mtoto. Hayapo. Na nyati wa hifadhini muwaache walivyo, wana wenyewe.

Ikitokea zote mbili zimekwisha, fanya hivi. Usingoje uone mtoto anavyoendelea. Piga simu kliniki, anza safari, mpe maji ya kutosha njiani. Ukifika, neno la kwanza kutamka mapokezi liwe “mtoto ana kisukari aina ya kwanza, hana insulini tangu saa fulani,” kabla ya kueleza homa na kutapika. Usiazime chupa ya babu jirani na kukisia dozi. Kama ndiyo pekee iliyopo, mpigie daktari akuelekeze kwa simu aina na kiasi. Na usipunguze dozi nusu nusu ili chupa ifike tarehe 5. Hilo ndilo wazazi wengi wenye huruma wanalolifanya, wanaona wanaokoa, kumbe ketoni zinapanda taratibu.

Na hili la mwisho kwa upande wa nyumbani, ambalo hata watu wazima waliosoma hulikosea: mtoto akiumwa, hali, anatapika, usimkatize insulini kwa hoja kwamba hajala. Ugonjwa wenyewe unapandisha sukari. Dozi inaweza kubadilishwa, na daktari atakwambia, lakini haikatwi kabisa. Siku za malaria ndizo siku chupa inapoisha haraka kuliko hesabu, na ndizo siku barabara huwa mbovu, kwa sababu mbu na matope huja msimu mmoja.

Waganga wafawidhi na ninyi wauguzi wa kliniki mnaonisikia, nina ombi dogo la kalamu tu. Kwenye daftari la kila mtoto ongezeni mstari mmoja: akiba, ipo au haipo. Ulizeni kila mwezi kama mnavyouliza uzito. Kama haipo, mpeni chupa ile ya mara moja, muiandike, na mwezi ujao muulize iko wapi na ina tarehe gani. Halmashauri nayo, inapokaa kupanga bajeti ya dawa kabla ya mvua, iwahesabu watoto hawa kwa majina. Ni wachache kiasi kwamba hesabu hiyo inaingia kwenye ukurasa mmoja.

Na wewe mzazi, siku ya kliniki ijayo usiondoke dirishani kabla hujaiomba. Ukinyimwa, uliza kwa upole ni nani mwenye uamuzi, umfuate ofisini kwake, umweleze hesabu ya chupa moja ya mara moja.